Zamu, nasari na jioni zenye kelele: tupate wapi muda wa watoto?

Kutoka: Dada wa Reading

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Naomba tulijadili hili kwa vitendo, maana shauri la "pangeni muda wenu vizuri" kila mtu ameshalisikia. Tuchukue familia ya kawaida kabisa hapa England: baba na mama wote wahudumu wa makao ya wazee, visa za kufadhiliwa na mwajiri, mtoto mmoja miaka 2, mwingine 6. Wazazi wanapokezana watoto mlangoni, siku ya mapumziko inaishia kwenye kufua na kupika, na jioni ni kufokeana tu. Waanzie wapi?

Kutoka: Kaka wa Coventry, mpanga rota

Dada, waanzie kwenye rota, yaani ratiba ya zamu kazini. Zamu ndefu ya saa 1:30 asubuhi hadi saa 2 usiku humwacha mtoto mdogo amelala na kumkuta amelala. Hakuna ratiba ya nyumbani inayoweza kuziba pengo hilo.

Tangu Aprili 6, 2024, mfanyakazi wa England, Scotland na Wales anaweza kuomba kubadilishiwa saa za kazi tangu siku yake ya kwanza kazini. Anaruhusiwa maombi 2 katika miezi 12. Mwajiri anatakiwa kumaliza kila kitu, rufaa ikiwemo, ndani ya miezi 2, na hawezi kukataa kabla ya kuzungumza naye. Barua iwe na tarehe, iseme wazi kwamba ni ombi la kisheria, itaje badiliko linalotakiwa na siku ya kuanza, na kama aliwahi kuomba, lini.

Maombi mengi hukwama kwa sababu yameandikwa kijumla. "Naomba zamu zinazofaa familia" meneja hawezi kuiweka kwenye rota. Andika hivi: "Kila Jumanne nimalize saa 8 mchana badala ya saa 2 usiku. Saa 6 hizo nitazifidia kwa zamu ndefu moja ya Jumamosi kila baada ya wiki mbili." Meneja anaona pengo na anaona limezibwa.

Hapo pa kufidia pazingatiwe sana na wenye visa za kufadhiliwa. Saa zikipungua, mshahara unapungua, mwajiri analazimika kuwaarifu Home Office (wizara inayosimamia visa), na ukishuka chini ya kiwango cha visa yako, visa yenyewe inaingia hatarini. Hamisha saa, usizikate.

Na kama mko kwa waajiri tofauti, kila mmoja aombe jioni ileile. Watoto wanahitaji walau jioni moja kwa wiki ya kuwaona wazazi wote wawili mezani.

Kutoka: Mwalimu wa nasari, Birmingham

Shikamooni wakubwa. Niongezee upande wa nasari, kwa England tu.

Saa 30 za bure kwa wiki, ambazo tangu Septemba 2025 zinaanzia mtoto wa miezi 9, ni za wazazi wanaofanya kazi, na angalau mmoja wao lazima awe na visa au ukaazi unaomruhusu kutumia fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Familia aliyoitaja dada haitazipata ikiwa wote wawili wamezuiwa. Wengi wakisikia hivyo huondoka na kuanza kulipa kila kitu. Wasiondoke! Kuna saa 15 za mtoto wa miaka 2 kwa familia zenye kipato kidogo, na zina mlango wake kwa wenye sharti hilo la visa. Ulizeni halmashauri ya mtaa wenu. Mtoto akishatimiza miaka 3, saa 15 ni za kila mtoto, na visa ya mzazi haihusiki. Zinaanza muhula unaofuata siku yake ya kuzaliwa: aliyezaliwa Februari anaanza baada ya Machi 31.

Hesabu ni saa 15 kwa wiki 38, yaani 570 kwa mwaka. Nasari nyingine hukubali kuzitawanya mwaka mzima, kama saa 11 kwa wiki. Kwa mzazi wa zamu hiyo ni afadhali, maana likizo za shule hazimkati ghafla.

Wenye ukaazi wa kudumu, msisahau: namba ya saa 30 (ile unayopewa ukiziomba, ya kuipa nasari) iwe mkononi kabla ya Agosti 31, Desemba 31 au Machi 31, kisha ithibitishwe kila miezi 3. Watu hupoteza nafasi kwa kutothibitisha, si kwa kukosa sifa.

Kutoka: Mama wa Leicester

Mimi naona ugomvi wa jioni ni njaa. Mtoto wa nasari amekula mapema, wa shule ametoka na uchovu, na mzazi ndiyo kwanza anamenya vitunguu. Chakula kiwe tayari ndani ya dakika 20 tangu mlango ufunguliwe, mtaona tofauti wiki hiyohiyo.

Siku moja ya mapumziko, saa mbili tu jikoni. Maharage kilo 1 yaliyolowekwa usiku kucha, mwaga maji, weka mapya, dakika 25 kwenye sufuria ya presha. Yakiiva hufika kama kilo 2 na nusu: gawa kwenye makopo ya nusu kilo, yapoe, weka friza. Yanakaa miezi 3. Maharage mekundu yasitiwe mabichi kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole. Joto lake halitoshi kuua sumu yake na nyumba nzima itatapika. Lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 kwanza.

Chapati: unga kilo 1, maji ya uvuguvugu karibu ml 600, chumvi, mafuta, zinatoka kama 16. Zichome nusu, tenganisha kwa karatasi, gandisha. Wali ndio usicheze nao: upoe na uingie friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake, usipashwe mara mbili.

Wa miaka 6 apime unga na kusukuma. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini mazungumzo mazuri ya wiki hutokea hapohapo.

Kutoka: Shangazi wa Luton, mshauri wa familia

Mama wa Leicester amenena. Baada ya chakula, dakika 15 kwa kila mtoto peke yake, simu ikiwa chumba kingine. Mtoto ndiye achague mchezo. Usimfundishe, usimhoji "hii rangi gani?", eleza tu unachokiona, kwa Kiswahili: "Naona umeweka gari juu ya daraja." Weka kengele ili mwingine ajue zamu yake inakuja. Kinachoharibu ni kuzitumia dakika hizo kama tuzo, au kuzifuta akikosea. Siku aliyokosea ndiyo anazihitaji zaidi.

Akijibu kwa Kiingereza, usimkaripie. Rudia alichosema kwa Kiswahili, endelea. Vitendawili vinafaa sana kwenye basi: "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wa miaka 6 atafika kwenye yai.

Kumpigia bibi, Jumamosi saa 4 asubuhi hapa ni saa 7 mchana Dar au Nairobi wakati wa baridi, saa 6 wakati wa kiangazi. Mtoto awe na kitu cha kuonyesha, la sivyo atakimbia.

Kutoka: Kaka wa Coventry

Neno moja kuhusu likizo za shule. Mbali na likizo ya kawaida, kuna likizo ya mzazi isiyo na malipo: wiki 18 kwa kila mtoto hadi atimize miaka 18, zisizozidi 4 kwa mwaka, huchukuliwa kwa wiki nzima, na mwajiri apewe taarifa siku 21 kabla. Bajeti yake iandaliwe mapema. Msiwatoe watoto shuleni katikati ya muhula kufuata tiketi rahisi: zikifika siku 5 bila ruhusa, faini England ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na hupanda hadi 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Kwa familia hii, yenye mtoto mmoja shuleni, ni pauni 160 kwa kuanzia.