Tupeane uzoefu: Kuchagua gitaa jepesi la pedali stili kwa ajili ya kubeba kwenda kwenye maonyesho

Mwanzisha mada

Ndugu wapigaji, naombeni tupeane uzoefu katika jambo ambalo limenikosesha raha kwa muda mrefu. Gitaa langu la pedali stili (lile linalolala juu ya miguu yake, ambalo pedali na leva hubadilisha sauti za nyuzi) lina shingo mbili zenye nyuzi 10 kila moja, pedali 8 na leva 5 za magoti, na likishaingia kwenye kasha lake pamoja na miguu na fito za pedali, mzigo unapita kilo 32. Sauti yake naipenda mno. Hata hivyo, ngazi za kumbi na kule kuliinua hadi kwenye buti la gari usiku wa manane, baada ya kukaa jukwaani kwa saa nne, vimeniharibu kiuno, na nimeshaonywa na daktari nisiinue mzigo wa namna hiyo peke yangu. Sina nia ya kuacha kupiga. Waliokwisha kuhamia kwenye gitaa jepesi watusimulie walichoangalia kabla ya kununua, walichopata na walichopoteza, na naomba kila mmoja aseme aliyoyapitia mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu. Nami nilikuwa na gitaa la shingo mbili, na kilichonifungua macho ni daftari langu la nyimbo. Nilipitia maonyesho 20 yaliyotangulia nikahesabu nyimbo nilizopiga kwenye shingo ya karibu, yaani ile yenye nyuzi zilizopangwa kwa mpangilio wa sauti uitwao C6, nikakuta ni mbili tu. Kazi nyingine yote ilifanyika kwenye shingo ya mbali, yenye mpangilio wa E9. Shingo ya pili haiji peke yake: huja na mtambo wake wa kuvuta nyuzi, pikapu yake (kinasa sauti cha nyuzi), vigingi 10, pedali 5 na fito zake zote chini ya bodi, na hivyo vyote ni chuma. Nilinunua gitaa la shingo moja, pedali 3 na leva 4, ambalo bila kasha lina takribani kilo 13.

Kuna jambo moja lililokaribia kuniponza. Yapo magitaa ya shingo moja yaliyojengwa juu ya bodi ya shingo mbili, ambapo nafasi ya shingo ya pili huwekwa mto wa kuegemeza mikono. Ni ya starehe kwelikweli, na wapigaji wengi hawataki kukaa kwenye kitu kingine, lakini upana wa bodi unabaki uleule, kwa hiyo uzito unaopungua ni mdogo kuliko mnunuzi anavyotarajia. Usikubali kuambiwa tu kwamba lina shingo moja. Liwekwe kwenye mizani mbele yako.

Nilichopoteza ni zile kodi nzito (sauti kadhaa zinazolia pamoja) za muziki wa swing, na sitaficha kwamba bado nazikumbuka.

Mchangiaji wa pili

Kabla ya kuuza gitaa, pima kasha likiwa tupu. Langu lilikuwa na kilo 9. Nilihamisha bodi kwenye mfuko mnene wenye sponji na mkanda wa begani, kisha miguu, ubao wa pedali, fito na pedali ya sauti nikaviweka kwenye begi la pili. Gitaa ni lilelile, lakini sasa nabeba mizigo miwili inayolingana badala ya mmoja unaonivuta upande. Kwa safari ndefu ambako mtu mwingine atashika mizigo, narudia kasha gumu.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono yaliyosemwa, ila naomba tusiupe wepesi nafasi ya kwanza kuliko sauti. Gitaa langu la kwanza jepesi nililinunua kwa haraka, na kila nilipokanyaga pamoja pedali mbili ziitwazo A na B, kodi nzima ilisikika kama imelegea. Sababu ni kwamba mvuto wa fito huipinda bodi kidogo, na bodi ikipinda, nyuzi zisizoguswa na pedali hushuka. Magitaa yote hufanya hivyo kwa kiasi fulani; yaliyopunguzwa mbao bila kuimarishwa hufanya zaidi.

Siku hizi napima hivi: naunganisha kifaa cha kupimia sauti, napiga uzi wa 4, ambao ni E na hauguswi na pedali hizo, kisha nakanyaga A na B huku uzi ukiendelea kulia. Ukishuka senti 2 au 3, yaani sehemu hizo katika 100 za nusu toni, sikio langu halisumbuki. Ukipita senti 6, nalirudisha gitaa kwa mwenyewe. Angalia pia kama linatelezea pembeni unapoisukuma leva kwa goti, kwa kuwa gitaa zito hujishikilia sakafuni kwa uzito wake na jepesi huhitaji mipira mizuri chini ya miguu. Gitaa ninalotumia sasa lina fremu ya alumini iliyofungwa imara, ni jepesi kuliko lile la kwanza, na nyuzi zake hushuka kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo tatizo halikuwa wepesi wenyewe bali ujenzi.

Mchangiaji wa nne

Kwa asiyetaka kuiacha C6, mimi nilichukua shingo moja yenye nyuzi 12, ambayo ukiifunga leva inayoshusha nyuzi za E hadi D shapu (nusu toni chini ya E), unatoka E9 na kuingia B6, mpangilio unaofanana na C6. Kasoro yake ni kwamba uzi wa D uliozoeleka haupo, hivyo sauti hiyo huipata kwa leva inayopandisha uzi wa B. Ilinichukua karibu mwaka mzima goti kuzoea.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Jana nimepima: kasha tupu ni kilo 10, na katika orodha yangu ya nyimbo 34, zinazodai C6 ni 11, ambazo siko tayari kuziacha. Kwa hiyo nitaanza na mfuko laini na begi la pili mwezi huu, na Jumamosi nimeahidiwa kulijaribu gitaa la nyuzi 12. Nitakwenda na mizani na kifaa cha kupimia sauti, nianze na uzi wa 4.