Dozi ikifika kwenye grupu la WhatsApp kabla ya mwongozo, mnaihakikije?

Muuguzi_Zamu
Habari za kazi wenzangu. Mlipuko ukianza, grupu la wodi hujaa picha za skrini zenye dozi, fomula za vitakasa mikono na sauti za "daktari bingwa" asiyejulikana ni nani. Mwongozo rasmi huchelewa, na mgonjwa yuko kitandani. Nikiwa na dakika kumi kabla ya kukabidhi zamu, nikague nini? Na grupu lenyewe liendeshweje?

Daktari_Wodini
Tafuta waraka ulio nyuma ya ujumbe. Mwombe aliyetuma kiungo au jina la waraka, akikosa, usiutumie. Ukiupata, soma tarehe, dozi, na mgonjwa anayekusudiwa. Hilo la tatu ndilo hudondoka njiani.

Chukua mfano wa deksamethasoni, dawa ya steroidi, kwa wagonjwa wa COVID-19. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa jaribio la RECOVERY, Uingereza, walitangaza matokeo kupitia vyombo vya habari kabla makala haijatoka, na habari ikaenea mitandaoni siku hiyohiyo. Ilikuwa kweli: miligramu 6 mara moja kwa siku, hadi siku 10, zilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni hawakunufaika. Sasa ujumbe ukibaki "deksamethasoni inaokoa maisha", steroidi anapewa mtu mwenye kikohozi na homa nyumbani, ambaye hakupaswa kabisa kuipata.

Angalia pia kama andiko limepitiwa na wataalamu wengine. medRxiv, tovuti ya maandiko ya utafiti wa tiba, huweka onyo kwenye maandiko ambayo hayajapitiwa, ila anayepiga picha ya skrini mara nyingi hulikata. Jarida kubwa nalo halitoshi: makala ya The Lancet kuhusu kutibu COVID-19 kwa haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, ilitoka 22 Mei 2020, ikaondolewa 4 Juni. PDF iliyolala kwenye simu yako haitakwambia hilo. Fungua ukurasa wa makala upya.

Mfamasia_Dirishani
Kwa fomula, piga hesabu mwenyewe kabla hujagusa chupa. Kitakasa mikono cha WHO, lita 10: ethanoli 96% mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi 3% mililita 417, glisirini 98% mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi ifike lita 10. Zidisha 8,333 kwa 0.96 upate 8,000, yaani 80%. Picha ikiandika "spiriti" bila asilimia, mtu akaweka ya 70% kwa kipimo kilekile, anapata kama 58%, chini ya ile 60% inayotakiwa kwa uchache. Inanukia vizuri, mikono inakauka, na kazi haijafanyika. Sentensi nyingine inayopotea ni ya kuacha chupa zimefungwa saa 72 ili mbegu za bakteria zife.

Kuzimua klorini ya kuua vijidudu: gawa asilimia uliyonayo kwa unayotaka, toa 1, unapata sehemu za maji. Kutoka 5% kwenda 0.1% ni sehemu 49 za maji kwa 1 ya dawa, kwenda 0.5%, ni 9. Usichanganye na asidi wala amonia.

Admini_Grupu
Fungua magrupu mawili: moja admini tu ndiye anaandika, la pili la majadiliano. Kila faili liwe na tarehe kwenye jina. Toleo jipya likija, futa la zamani na uandike wazi kwamba limefutwa, maana bado limo kwenye simu za watu.

Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepita mikono mingi. Aliyeutuma hapo si chanzo.

Picha za wagonjwa: kata kabisa jina na namba ya jalada, pamoja na maandishi pembeni mwa eksirei. Kupaka kalamu ya simu inayopitisha mwanga hakutoshi, kwani mtu akiongeza mwangaza anasoma. Zima pia kuhifadhi picha kiotomatiki kwenye galari.

Muuguzi_Zamu
Ahsanteni sana. Na sauti zilizorekodiwa?

Mfamasia_Dirishani
Dozi isitolewe kwa kusikia. "Sita" na "sitini" kwenye kipaza sauti kibovu ni kitu kimoja. Aliyetuma aandike kwa tarakimu na kizio, mfano "6 mg", pamoja na jina la waraka.