Wageni wavae nini Mwaka Kogwa, Makunduchi?

MtembezaKusini: Asalaam aleykum wana jukwaa. Mwezi wa saba nina wageni 12, wanawake 8 na wanaume 4, nawapeleka Makunduchi, Zanzibar, kwenye Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Wanataka kuvaa kama wenyeji. Ninunue doti 4 za kanga, kila mwanamke apate kipande? Na wanaume niwashonee kanzu? Sitaki waonekane kama waigizaji.

PindoNaMji: Waaleykum salaam. Nunua doti 8. Kipande kimoja cha kiunoni, cha pili cha ushungi au mabegani. Ukigawa doti, kila mtu anabaki nusu uchi na doti imeharibika bure.

Chagua pamba tupu. Chomoa uzi uuchome: wa pamba hunuka karatasi na kuacha jivu, wa plastiki hujikunja ukawa kidonge kigumu. Kanga ya plastiki huteleza, ushungi haukai, na jua la Julai humchemsha aliyeivaa.

Kata baina ya vipande viwili, kisha pinda zile ncha fupi. Kazi hiyo mpe fundi wa hukohuko Makunduchi, angalau pesa ya wageni ibaki kijijini. Kisha loweka usiku kucha, kila rangi ndoo yake. Kanga mpya ina wanga: ngumu, fundo halishiki. Nyekundu na nyeusi hutoa rangi, na jasho likiingia huchafua blauzi nyeupe.

MtembezaKusini: Shukrani. Na jina, yale maandishi ya kanga, je? Wao hawasomi Kiswahili.

PindoNaMji: Hapo ndipo wengi wanapokosea! Wenyeji wanasoma. Mgeni akipita na "Hasidi hana sababu" mbele ya jirani wawili waliogombana, atachekwa siku nzima. Chukua dua au mapenzi, na mwambie kila mtu maana ya alichovaa.

CherehaniYaMtaa: Niongeze kuhusu kufunga. Katikati ya kanga iwe nyuma, jina lisomeke chini. Asimame miguu imeachana kidogo, la sivyo hatua ya kwanza fundo linafunguka. Kanga ina upana wa kama sentimita 150. Mwenye nyonga 115 anabakiwa na 35 tu za kupishana, upepo ukivuma paja liko nje. Huyo avae gagulo ndani.

Kanzu mimi naipinga. Ni vazi la msikitini na harusini; pale uwanjani wanaume wanapigana kimila kwa magomba ya migomba, watu wanakimbia huku na huku, na kanzu ndefu inamwangusha mtu. Suruali pana na shati la mikono linatosha. Akitaka kikoi, avae bukta ndani na asokote ukingo wa juu mara tatu.

Wanawake wenyeji huzunguka uwanja wakiimba, wamevaa kanga zao bora. Wageni waombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha, hata kama wageni wenyewe wamevaa kanga.