Mrejesho: Nilikuwa nachemsha maji lakini watoto bado wanaharisha

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa inakuwaje nachemsha maji ya kunywa kila siku halafu watoto hawaishi kuharisha, mmoja wenu akasema niache kuangalia sufuria niangalie ndoo. Nilibisha. Ila kesho yake nikakaa pembeni kimya, mara mdogo huyo kaja na kikombe, mkono ndo kwanza umetoka kuchezea mchanga, kachota na kidole gumba kimezama chote majini, kanywa nusu, iliyobaki karudisha ndooni! Yani moto wote ule nilikuwa naunguza bure.

Basi nikatafuta ndoo ya mfuniko yenye koki, hakuna kuchota tena. Kuchemsha naendelea, kumbe yakishatokota kwelikweli dakika 1 inatosha (ukiishi mlimani, juu ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari, ndo dakika 3), mimi nilikuwa naacha hata robo saa sijui nani alinifundisha. Nikikosa muda naweka dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa nasubiri nusu saa, na yakiwa na tope nayaacha yatuame kwanza nachuja kwa kitambaa safi, maana tope linakula dawa. Mkubwa analalamika harufu, atazoea.

Huu ni mwezi wa pili sasa tangu nianze, hakuna aliyeharisha. Sisemi ni ndoo peke yake, sabuni nayo tumeisogeza karibu na choo. Mkuu uliyesema ndoo, samahani kwa ule ubishi.