Siti za ngozi za Harrier: sabuni ya unga inafaa?

Mwenye Harrier:
Wakuu, habari za jioni. Nina Harrier kutoka Japani, siti za ngozi rangi ya kahawia mpauko. Siti ya dereva imeanza weusi ukingoni, pale unapoteleza kuingia, na mgongoni pameshika ubluu wa jinzi. Kijana wa kuosha magari anasema sabuni ya unga kidogo na brashi ya nguo, itarudi kama mpya. Nimkubalie?

Dereva Mzoefu:
Mkubalie tu mkuu. Noah yangu ya biashara naisugua kwa sabuni ya unga kila Jumapili, siti ziko vilevile.

Fundi Siti:
Kaka mwenye Harrier, usimkubalie. Dereva Mzoefu hajasema uongo, ila Noah za biashara nyingi zimevalishwa leza, na leza ni plastiki. Inavumilia. Ngozi haivumilii.

Kazi yangu ni kushona siti na kuzipaka rangi, kwa hiyo gari hunijia mwishoni, sabuni ikishafanya yake. Ngozi ya gari imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa kuilinda. Ngozi yenyewe ina uasidi kidogo. Sabuni ya unga ina magadi, pH yake, yaani kipimo cha uasidi na kinyume chake, hufika 10 na kupita, mbali na uasidi wa ngozi, na imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Hapo haichagui kati ya mafuta ya jasho na yale yanayolainisha ngozi. Siku ya kwanza siti inatakata kweli. Ukiendelea hivyo, ngozi inakauka, mikunjo inakomaa, utando unapasuka, na unaanzia hapohapo ukingoni. Siti zenye vitundu ndizo zinaniuma zaidi: nikizifungua nakuta unga mweupe umeganda ndani ya vitundu na uzi wa mshono umekakamaa. Maji nayo yanazama kwenye sponji, na chini ya siti kuna nyaya. Plagi za njano ni za eabegi, zisiguswe na maji.

Sabuni ya mche nayo ina magadi. Jiki ndiyo usiisogeze kabisa.

Kama hujapata sabuni maalumu ya ngozi, chukua ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo kali, matone machache kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Fyonza vumbi kwanza, hasa kwenye mishono, maana mchanga ukisuguliwa unakwaruza. Koroga litoke povu, chovya kitambaa laini cheupe, kikamue sana, fanya sehemu ndogo ndogo. Futa kwa kitambaa chenye maji matupu, kausha palepale, gari likae kivulini.

Kila mara kitazame kile kitambaa. Kikitoka na weusi au kijivu, huo ni uchafu, endelea. Kikitoka na kahawia ya siti yenyewe, rangi inang'oka. Acha hapohapo.

Na utaambiwa ujaribu kwanza mahali palipojificha. Ni kweli, lakini si ubavuni wala nyuma ya siti. Magari mengi ngozi halisi ipo pale pa kukalia na kuegemea tu, kwingine ni leza, kwa hiyo utakuwa umejaribu plastiki. Inua mto wa kichwa, jaribu chini yake, upande wa mbele.

Mama wa Tanga:
Fundi, na mafuta ya nazi baada ya kusafisha? Nimeshauriwa yanalainisha.

Fundi Siti:
Hapana dada. Utando hauyaruhusu kuingia, yanabaki juu, yanashika vumbi na kuchafua nguo. Tafuta losheni ya ngozi ya gari, paka kidogo, kisha futa.

Mwenye Harrier:
Shukrani fundi. Nimefanya kama ulivyoelekeza, weusi umetoka vizuri. Ila ubluu umepungua tu, na siti haing'ai. Nirudie kwa nguvu?

Fundi Siti:
Usiongeze nguvu, kaka. Rangi ya jinzi ikishaingia kwenye utando, sabuni haiifuati. Kuna dawa yake, na ikishindikana tunapaka rangi kipande hicho peke yake. Kutong'aa kusikutie wasiwasi: ngozi hiyo ikiwa safi haing'ai. Mng'ao uliokuwepo ulikuwa mafuta ya mwili.