Nyumba za sapotidi livingi huku Uingereza: watu wenye ulemavu wa akili wanaumizwa na uzembe, na sisi tunaowahudumia tumefungwa midomo na viza

Wakuu habari za muda huu. Uzi utakuwa mrefu na naandika nikiwa na hasira, mnivumilie, maana haya mambo tunayaongea kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye misiba na harusi zetu huku, halafu kesho yake tunaingia shifti tunanyamaza.

Kwa mlioko nyumbani, huku England mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, ana Down syndrome au otizimu na pengine kifafa juu yake, kaunsili (serikali ya mtaa) inaweza kumpeleka kea homu au ikampeleka sapotidi livingi. Kea homu ni jengo la kampuni, chumba na huduma vinaenda pamoja. Sapotidi livingi mtu anakuwa mpangaji mwenye mkataba wake, kodi inalipwa na hausingi benefiti, yaani ruzuku ya serikali ya kodi ya nyumba, na huduma inaletwa na kampuni nyingine ambayo kaunsili inailipa kwa masaa. Wazo lenyewe ni zuri na mimi silipingi hata kidogo. Tuliona Winterbourne View kule karibu na Bristol, ile hospitali binafsi ambayo kipindi cha BBC Panorama waliingiza kamera ya siri mwaka 2011, watu wanapigwa makofi, wanavutwa nywele, wanamwagiwa maji, wafanyakazi 11 wakatiwa hatiani. Serikali ikaahidi kwamba hadi Juni 2014 kila aliyewekwa hospitali bila sababu atakuwa ametolewa akaishi mtaani kama binadamu wengine. Tarehe ikapita, wengine wako huko mpaka leo, lakini waliotoka wengi wao ndio wapo kwenye hizi nyumba tunazofanyia kazi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Kwa kuwa kisheria ile ni nyumba ya mpangaji, CQC ambao ndio wakaguzi wa huduma hawakagui nyumba, wanakagua huduma tu. Kilichosajiliwa ni ofisi ya kampuni, na ofisi moja inaweza kuwa na nyumba kibao nyuma yake mitaa tofauti. Mkaguzi anafika ofisini, anasoma mafaili, na kuingia kwa mpangaji mpaka mpangaji akubali. Naelewa kwa nini, hata mimi sitaki mkaguzi aingie kwangu bila hodi. Lakini mpangaji ninayemhudumia haongei, ana ishara chache tu ambazo sisi tuliokaa naye ndio tunazijua, na wazazi wake walishafariki. Huyo atamlalamikia nani? Na hao CQC wenyewe ripoti ya Dr Penny Dash ya 2024 ilikuta sehemu moja kati ya tano wanazotakiwa kuzikagua haijawahi kupewa daraja hata mara moja, na daraja nyingine ni za miaka mingi nyuma. Kwa hiyo ukiona bango la "Good" mlangoni mwa ofisi usilale usingizi.

Kaunsili inalipia masaa ya mfanyakazi mmoja kwa mteja (ndiye huyo mpangaji) mmoja. Rota, yaani ratiba ya zamu, inaonyesha tupo wawili au watatu. Unafika shifti upo peke yako na wapangaji watatu, unapiga simu ya on-koo, ya meneja wa zamu ya dharura, unaambiwa "tunatafuta mtu wa ejensi", usiku unaisha hajaja mtu. Mteja mmoja mwenye kifafa ana dawa ya kuwekwa mdomoni degedege likizidi dakika zilizoandikwa kwenye mpango wake, midazolam, na lazima uwe umefundishwa kumpa. Nimekuta mara nyingi tu mtu wa ejensi kaachwa usiku mzima na hajafundishwa, hajui hata imewekwa kabati gani. Kijana wa miaka 18, Connor Sparrowhawk, alizama kwenye bafu Oxford mwaka 2013 akiwa na kifafa, na hiyo ilikuwa hospitali ya NHS, ya serikali, yenye manesi. Sasa niambieni kwenye nyumba ya mtaani, saa tisa usiku, mfanyakazi mmoja, wapangaji watatu, itakuwaje.

Halafu kuna kulala kazini. Nyumba nyingi usiku hawaweki mtu wa kukesha, wanaweka mtu wa kulala kwa sababu ni bei rahisi, Mahakama ya Juu ilishaamua Machi 2021 kwamba ukiwa umelala huhesabiwi kima cha chini cha mshahara, mpaka uamshwe kufanya kazi. Kwa hiyo unapewa hela ya jumla kidogo ya usiku mzima. Kampuni ikiona mteja amebadilika, anaamka mara nne mara tano usiku, anatakiwa awekewe mtu wa kukesha, hawaendi kaunsili kuomba tathmini mpya haraka, wanakuambia wewe "andika tu uliamka mara ngapi". Asubuhi unaendelea na shifti ya mchana bila kulala, ukiwa na dawa za watu watatu mkononi!

Mniwie radhi kwa ninachotaka kusema sasa ila lazima kisemwe. Choo. Watu wenye ulemavu wa akili huku wanakufa kwa kukosa choo, kitu ambacho bibi yako kijijini angekishtukia siku ya pili. Dawa nyingi wanazomezeshwa, hasa hizi za kutuliza akili, zinafunga tumbo, wengi hawatembei vya kutosha, hawanywi maji mpaka wapewe, na hawawezi kusema tumbo linauma, badala yake anajipiga kichwa au anapiga kelele na mfanyakazi asiyemjua anaandika "tabia imebadilika", anaongezewa dawa ile ile. Kuna Richard Handley wa Lowestoft, alikuwa na Down syndrome, alifariki 2012 hospitali ya Ipswich ana miaka 33. Tatizo lake la choo lilijulikana tangu mtoto. Nyumba aliyokaa ilikuwa kea homu ikaja kugeuzwa kuwa sapotidi livingi, uangalizi wa chakula na choo ukalegea, alipofika hospitali walimtoa kinyesi takriban kilo 10. Kilo kumi ndugu zangu. Uchunguzi wa mahakama ya vifo ukafanyika 2018. Na leo hii mimi nafungua faili la mteja nakuta chati ya choo ina tiki siku ambazo najua kabisa hakwenda, kwa sababu mtu kajaza wiki nzima kwa mkupuo ili meneja akija akute karatasi imekaa vizuri.

Ukiuliza kwa nini hajapewa mboga, hajapelekwa kutembea, anakula chipsi na soda kila siku, unajibiwa ni chaguo lake, hapa ni kwake. Hili jibu linanichoma kuliko yote. Sheria ya uwezo wa kuamua ya 2005 haisemi hivyo! Inasema umsaidie mtu aelewe, umpe taarifa kwa njia anayoiweza, na kama kwa jambo hilo hana uwezo wa kuamua basi mnakaa mnaamua kwa maslahi yake na mnaandika. Haikuruhusu kumuacha aoze kwenye kiti halafu useme amechagua. Na cha ajabu hao hao wanaosema ni kwake ndio wamefunga jiko kwa kufuli na mlango wa mbele una namba ya siri asiyoijua. Mahakama ya Juu ilisema tangu 2014 kwamba mtu anayesimamiwa muda wote na hawezi kutoka mwenyewe amenyimwa uhuru hata akiwa sapotidi livingi, na huku kibali kinatakiwa kitoke Court of Protection, mahakama ya watu wasioweza kujiamulia. Uliza ofisini kibali kiko wapi uone watakavyokupiga danadana.

Kuna na kujaza vyumba. Chumba kikikaa wazi kampuni inapoteza hela, basi analetwa yeyote. Mtu asiyevumilia kelele hata kidogo anawekwa na mtu anayepiga kelele usiku kucha, wakipigana inaandikwa ni tabia zao. Boila ikifa kampuni inasema ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema hajapewa taarifa, wapangaji wanaoga maji ya birika. Sheria ya kusimamia nyumba za aina hii ilipitishwa 2023, utekelezaji wake ni wa kusuasua mno.

Trening nayo ni kubofya video. Ile ya Oliver McGowan, kijana aliyefariki Bristol 2016 baada ya kupewa dawa ya kutuliza akili ambayo yeye na wazazi wake walisema asipewe, mama yake kapigania mpaka sheria ikataka wafanyakazi wafundishwe, na maana yake yote ni kwamba watu wenye ulemavu wenyewe wawepo kukufundisha. Sisi tumepewa ile sehemu ya kompyuta, tukaambiwa malizieni nyumbani kwa muda wenu.

Sasa mtauliza mbona hamsemi. Tangu 2022 watu wa kwetu wengi, Watanzania, Wakenya, Waganda, wamekuja kwa viza ya kea, viza ya kazi ya kuhudumia watu. Viza imeshikwa na mwajiri, ndiye sponsa wako. Kampuni ikikuacha Home Office (wizara ya mambo ya ndani) kwa kawaida wanakupa siku 60 utafute sponsa mwingine au uondoke, na una mkopo uliolipa ejenti nyumbani, na watoto. Meneja hana haja hata ya kukutisha, anakupunguzia masaa tu. Dada mmoja tuliyekuwa naye aliripoti michubuko kwenye mkono wa mteja, akaulizwa mbele ya watu "una uhakika unataka kuandika hilo?" Hakuandika. Mimi simlaumu yule dada, namlaumu aliyeuliza, na naulaumu mfumo uliofanya macho pekee yaliyopo ndani ya ile nyumba yawe ya mtu ambaye hawezi kusema bila kupoteza kila kitu.

Na wale mtakaokuja kuandika hapa chini "fanya kazi ulipwe usijiharibie", naomba mkae kimya kwenye uzi huu. Yule mteja akifa hakuna atakayeandamana.

Mimi nimeshaandika kwa timu ya sefugadingi ya kaunsili, wanaolinda watu wasidhurike, wao chini ya sheria ya huduma (Care Act) ya 2014 wanalazimika kuchunguza mtu mwenye uhitaji akidhaniwa anadhurika na hawezi kujilinda mwenyewe, na CQC unaweza kuwapa taarifa bila kutaja jina. Nimeandika tarehe, saa, nani alikuwepo kwenye rota na nani alikuwepo kweli, sikuandika maoni yangu. Msipige picha za wateja wala mafaili mkatuma kwenye magrupu, hiyo ni siri ya mtu na ndiyo watakayokufukuzia.

Ninachoomba humu: aliyewahi kuripoti akiwa kwenye viza ya kea na akafanikiwa kuhamia sponsa mwingine aje aeleze alifanyaje, alianzia wapi, aliongea na chama gani cha wafanyakazi, na ilichukua muda gani. Msitaje kampuni wala mteja. Kuna watu wanausoma huu uzi sasa hivi wakiwa kwenye shifti ya usiku peke yao.