Vidoti vyeusi kwenye picha ya Babu

Shangazi: Wanangu, majibu ya MRI ya Babu, ile picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, yametoka. Wameandika damu imevuja kidogokidogo kwenye ubongo, sehemu 6. Sijalala.

Idi: Mungu wangu! Basi aspirini aache leo hii. Si ndiyo inafanya damu iwe nyepesi?

Neema: Idi, ngoja. Shikamoo shangazi. Asiache dawa kabla daktari hajasema. Aspirini alipewa baada ya kile kiharusi cha damu kuganda. Akiiacha kienyeji anaweza kupata kingine, na hicho ndicho kinachonitisha kuliko vidoti.

Shangazi: Marahaba mama. Lakini si damu ubongoni hiyo!

Neema: Ni alama ya damu ya zamani. Kimshipa chembamba kilivuja tone, kikaziba chenyewe, madini ya chuma ya ile damu yakabaki pale. Ndiyo MRI inayaonyesha kama doa jeusi. Vingi ni milimita 2 hadi 5 tu.

Mjomba: Mbona CT ya mwaka jana, ile picha ya kichwa ya eksirei, ilikuwa safi?

Neema: CT haivioni mjomba. Hata MRI lazima ipigwe kwa namna maalumu. Huenda vilikuwepo tangu hapo. Shangazi, wameandika viko wapi?

Shangazi: 📷 Picha

Neema: Afadhali. Viko ndani kabisa, kwenye thalamasi, yaani katikati ya ubongo, na kwenye shina la ubongo. Huko mara nyingi ni presha. Vingekuwa juujuu tu, kwenye gamba la ubongo, tungefikiria ile protini ya amiloidi inayoganda kwenye kuta za mishipa ya wazee. Hiyo huvuja damu nyingi kwa urahisi zaidi.

Mjomba: Presha ikoje?

Shangazi: Jana 168/94. Vidonge anaruka siku, anasema vinamchosha.

Neema: Jamani! Hapo ndipo pa kushika. Kama vinamchosha abadilishiwe, asiruke. Na dawa za maumivu je?

Shangazi: Diklofenaki, ya magoti. Miezi sasa.

Neema: Pamoja na aspirini?? Shangazi, mpigie daktari sasa hivi, usingoje kliniki. Hiyo inapandisha presha, na zikiwa mbili ni rahisi kutoka damu tumboni.

Shangazi: Napiga.

Neema: Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, kauli ikipotea au kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, hospitali moja kwa moja. Msianze kuandika humu kwenye kundi.

Idi: Nina mashine ya presha, nakwenda kwake.

Neema: Akae kimya dakika 5 kwanza. Asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari.

Shangazi: Daktari kapokea. Diklofenaki aache, aspirini aendelee, kesho tumpeleke.